Anza na Nguzo, Usianze na Setilaiti: Mwongozo kwa Wenye Dishi Kasulu na Kibondo

Picha ya televisheni ikianza kugandaganda, wenye dishi wengi husema setilaiti inasumbua, kisha hukaa wakisubiri itengemae yenyewe. Mwongozo huu unakushauri uanze upande wa pili: nguzo, nati na waya wa hapo nyumbani kwako. Setilaiti huharibika, na nitaeleza inapotokea. Lakini chombo kile kimeundwa kupima mkao wake na kuusahihisha usiku na mchana, ilhali dishi lako halina wa kulisahihisha isipokuwa wewe. Ukielewa namna setilaiti inavyojizuia isigeuke huko angani, utajua ni kitu gani hasa unachopaswa kukidhibiti hapa chini, na hutapoteza fedha kwa kubadilisha king'amuzi kisicho na kosa.

Kwa nini dishi halihitaji kuifuata

Setilaiti za matangazo ya televisheni ziko juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika umbali huo chombo huizunguka Dunia mara moja kwa saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao Dunia hutumia kujizungusha. Kwa hiyo ingawa kinakwenda kilomita tatu kwa kila sekunde, ukikitazama kutoka Kasulu hakiondoki mahali pake. Kila setilaiti ina kituo chake kinachotajwa kwa longitudo. Azam TV hurusha matangazo yake kutoka nyuzi 7 mashariki, iliko Eutelsat 7C iliyorushwa Juni 2019. DStv ya upande wetu hutoka nyuzi 36 mashariki. Mvutano wa Jua na Mwezi huzivuta setilaiti hizi kidogo kidogo, na waongozaji walio ardhini huzirudisha, kwa kawaida zisitoke nje ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi kutoka kwenye kituo. Kwa umbali ule, hicho ni kipande cha anga cha kilomita sabini na kitu kila upande. Kwa dishi la sentimita 90, ambalo jicho lake hupokea eneo la anga lenye upana wa nyuzi mbili hivi, tofauti hiyo haionekani kabisa.

Kubaki mahali, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Setilaiti inaweza kuwa palepale pake na bado isikufae, ikiwa antena zake zimegeukia bahari. Kutoka kimo kile, ikiinama nyuzi moja tu, kitovu cha mawimbi yake ardhini huhama kilomita zaidi ya 620. Huo ni karibu umbali wa Kasulu hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana setilaiti za mawasiliano hutakiwa kushika mwelekeo wake kwa usahihi wa sehemu moja ya kumi ya nyuzi hivi, na hata chini ya hapo. Tena hutakiwa kufanya hivyo kwa miaka kumi na tano au zaidi, pasipo fundi wa kupanda kukaza nati.

Inavyojishika pasipo pa kushika

Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Angani hakuna nyenzo wala pa kuegemea: hakuna ardhi ya kuchimbia nguzo wala hewa ya kusukuma bawa. Wakati huohuo kuna visukumizi visivyokoma. Mwanga wa Jua wenyewe husukuma. Ukiwa na paneli za umeme zenye mita za mraba 100, msukumo wote wa mwanga huo haufiki uzito wa sehemu ya kumi ya gramu. Ni kidogo mno, lakini haupumziki, na kwa kuwa hakuna kinachoupinga, siku chache tu zinatosha kukigeuza chombo cha tani kadhaa.

Njia ya kwanza iliyotumika kukabiliana na hali hii ni kukizungusha chombo chote. Pia ya watoto ikizunguka kwa kasi husimama kwa ncha yake na hukataa kuanguka. Setilaiti inayozunguka nayo hukataa kugeuzwa mhimili wake. Hiyo ndiyo kanuni iliyotumika kwenye Early Bird mwaka 1965, setilaiti ya kwanza ya kibiashara ya mawasiliano. Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, ili vipokezi vyake vifagie anga. Gurudumu la ndani liliipa uthabiti, na koili za sumaku zilizojisukuma dhidi ya sumaku ya Dunia ziliugeuza mhimili wake kuelekea sehemu iliyotakiwa. Setilaiti za Meteosat za kizazi cha pili, ambazo picha zake za mawingu hutumika katika utabiri wa hali ya hewa Afrika, nazo hujizungusha mara 100 kwa dakika.

Kuzunguka nako kuna sharti, na sharti hilo lilijulikana kwa gharama. Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, ilirushwa mwanzoni mwa mwaka 1958 ikiwa nyembamba na ndefu, ikizunguka kwa mhimili wake wa urefu. Haukupita muda ikaanza kuyumba, ikaishia kuzunguka kwa ubavu. Kosa lilikuwa kwenye antena zake nne zilizokuwa laini kama waya: kila zilipopindapinda zilikula nishati ya mzunguko, na chombo kikatafuta mkao mwingine uliohitaji nishati kidogo. Kitu kimoja kilicholegea kilitosha kukitoa chombo kizima katika mwelekeo wake. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye nati.

Njia ya pili, inayotumiwa na setilaiti nyingi za televisheni za leo, ni kuushika mwili wa chombo ukiwa umetulia katika mihimili yote mitatu. Ndani yake kuna magurudumu mazito yanayozungushwa na mota za umeme. Mota ikiongeza kasi ya gurudumu kwenda upande mmoja, mwili wa setilaiti husukumwa polepole kwenda upande wa pili. Kompyuta hupokea taarifa kutoka vihisi vinavyoona ukingo wa Dunia kwa mionzi ya joto, vinavyolitafuta Jua, na kamera zinazotambua nyota. Hulinganisha mkao uliopo na mkao unaotakiwa, kisha huamuru gurudumu liongeze au lipunguze kasi. Kwa kuwa mwanga wa Jua husukuma bila kukoma, magurudumu huzidi kukusanya kasi mpaka yakaribie kikomo. Hapo vijeti vidogo hufyatuliwa ili magurudumu yapunguzwe kasi bila chombo kugeuka, na kazi huanza upya.

Ushahidi mzuri wa uimara wa mpango huu ulipatikana mahali ambapo mambo yaliharibika. Aprili 2010 setilaiti iitwayo Galaxy 15 iliacha kusikia amri kutoka ardhini. Hakuna aliyeweza kuiongoza, ikawa inahama kutoka kituo chake, na bado iliendelea kuielekea Dunia na kurusha mawimbi kwa miezi minane. Kilichoishinda mwishoni ni kwamba magurudumu yalifika kikomo bila kupunguzwa kasi. Desemba 2010 ikaacha kuielekea Dunia, paneli zake zikapoteza Jua, betri ikaisha, kompyuta ikajiwasha upya, na waongozaji wakaipata tena. Ikiwa chombo kilichoachwa bila msimamizi kilishika mwelekeo wake kwa miezi minane, ni vigumu kuamini kwamba chombo kinachosimamiwa saa zote kimeyumba jana jioni kwa ajili ya nyumba yako peke yake.

Sasa tazama dishi lako

Linganisha visukumizi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukilipiga dishi la sentimita 90 usoni, hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 16. Nguvu hiyo hufika kwenye bomba, kutoka bomba hadi ukutani au kwenye zege, na kila nati iliyolegea huiruhusu isogeze kitu. Dishi la ukubwa huo likikosea nyuzi moja tu, hupokea takriban nusu ya nguvu ya mawimbi. Nyuzi moja kwenye bomba la mita mbili ni sentimita tatu na nusu tu juu kwenye kilele. Mwenye nyumba akisema dishi lake halijaguswa tangu liwekwe, anasema kweli, lakini jicho halioni sentimita tatu na nusu. Pima maji huziona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni nguzo. Bomba la chuma lililochimbiwa ardhini kwa zege, kina kisichopungua sentimita 60, ni bora kuliko lililofungwa kwenye mbao za paa, kwa sababu paa la bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Ukuta wa tofali za kuchoma unafaa ikiwa boliti zimeingia ndani ya tofali zima. Boliti zilizoshikwa na udongo au plasta peke yake zitatoka. Weka pima maji kwenye bomba upande wa kaskazini, kisha upande wa magharibi. Zote mbili zikisoma wima, endelea. Isipokuwa hivyo, usiguse dishi kwanza, kwa maana alama za nyuzi zilizochorwa kwenye kishikio chake husema kweli pale tu bomba linapokuwa wima. Kwenye nyanda hizi zenye radi nyingi, unganisha nguzo na waya wa kutupa umeme ardhini, na usipande juu wingu linapokusanyika.

Kazi ya pili ni mwelekeo, na hapa mihimili mitatu ya setilaiti inakutana na marekebisho matatu ya dishi: kulizungusha kushoto na kulia, kuliinua na kulishusha, na kuizungusha LNB, yaani kile kipokezi kilichoshikwa mbele ya dishi, mahali pake. Kwa setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, ukiwa Kasulu mjini, elekeza dishi magharibi ukiingia kidogo kaskazini, nyuzi 281 kwenye dira, na uliinue nyuzi 62 na nusu. Ukiwa Kibondo mjini ni nyuzi 278 na mwinuko wa nyuzi 62. Kwa setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, Kasulu ni nyuzi 52 kwenye dira, yaani kaskazini mashariki, na mwinuko wa nyuzi 81. Kibondo ni nyuzi 56 na mwinuko wa nyuzi 82 na nusu. Kumbuka kwamba madishi mengi ya nyumbani huweka LNB pembeni ya kitovu, kwa hiyo uso wa dishi huonekana kutazama chini zaidi kwa nyuzi ishirini na kitu kuliko linavyotazama hasa. Fuata alama za kishikio, usifuate macho.

Takwimu hizi zinakwambia pia ni nati ipi ya kuogopa. Setilaiti ikiwa karibu na utosini, kama ile ya nyuzi 36, kulizungusha dishi kushoto au kulia kwa nyuzi sita huhamisha jicho lake angani chini ya nyuzi moja. Kuliinua au kulishusha nyuzi moja huhamisha nyuzi moja kamili. Kwa hiyo kwa setilaiti hiyo nati za mwinuko ndizo za kukazwa kwa uangalifu zaidi, na kosa dogo la dira linasameheka. Kwa ile ya nyuzi 7, kosa la nyuzi mbili za kuzungusha linatosha kukuondolea nyuzi moja. Angalia pia vizuizi: kwa mwinuko wa nyuzi 62, mti au ukuta ulio magharibi usizidi mita moja na nusu juu ya dishi kwa kila mita moja ya umbali. Mkaratusi uliokuwa mdogo dishi lilipowekwa huenda sasa umeshafika huko.

LNB ndiyo husahaulika zaidi. Mawimbi ya setilaiti hutumwa kwa mielekeo miwili inayokatana, mmoja sambamba na Ikweta na mwingine kutoka kaskazini kwenda kusini, ili chaneli nyingi zipite bila kugongana. Setilaiti ikijizungusha kwenye mhimili wake unaoielekea Dunia, mielekeo hii ingechanganyika hata kama antena bado zinatazama Afrika; ndiyo maana mhimili huo wa tatu nao hushikwa. Kwako wewe, kuwa karibu na Ikweta kunaleta jambo la ajabu. Mawimbi yaliyo sambamba na Ikweta kutoka setilaiti ya magharibi hukufikia yakiwa karibu wima. Kwa setilaiti ya nyuzi 7, LNB huhitaji kuzungushwa karibu nyuzi 80 kutoka alama yake ya sifuri. Ukiona chaneli kadhaa safi na nyingine za setilaiti hiyohiyo hazishiki kabisa, jaribu hapa kabla ya kugusa kingine chochote.

Ukifika kwenye kutafuta, usitazame mstari wa nguvu kwenye skrini, tazama ubora. Nguvu hupanda hata kwa kelele tupu, ubora hupanda kwa mawimbi ya setilaiti uliyoichagua. Sogeza dishi kidogo, subiri sekunde chache king'amuzi kijibu, kisha sogeza tena. Ubora ukipatikana, usikaze hapohapo. Endelea upande uleule mpaka uanze kushuka, weka alama kwa kalamu kwenye bomba, rudi upande wa pili mpaka ushuke tena, weka alama nyingine, kisha lirudishe dishi katikati ya alama mbili. Fanya vivyo hivyo kwa mwinuko na kwa LNB. Ubora mzuri ulioko ukingoni hupotea kwa mvua ya kwanza. Ulioko katikati hubaki na akiba. Mwisho kaza nati kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, ukitazama ubora, kwani nati inayokazwa yote kwa mkupuo mmoja hulivuta dishi kutoka pale ulipoliweka.

Lini uilaumu anga

Wapo watakaosema: mbona mvua ikinyesha picha hupotea ingawa dishi ni imara? Ni kweli. Matone ya mvua hunyonya na kutawanya mawimbi ya masafa haya, na kati ya Oktoba na Mei wingu zito la radi linaweza kukata hata dishi lililopangwa vizuri. Lakini dishi lililo katikati hukatika kwa muda wa wingu lenyewe, na lililo ukingoni hukatika kwa manyunyu. Ikiwa picha hairudi baada ya mvua kwisha, kagua maji ndani ya kiungo cha waya na ufa kwenye kifuniko cha LNB.

Wengine watasema picha hupotea mchana mweupe bila wingu. Siku chache karibu na tarehe 22 Machi na 21 Septemba, Jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti kama lionekanavyo kutoka nyanda hizi, na kelele ya mawimbi yake huifunika ile ya setilaiti. Kwa Kasulu na Kibondo, hilo hutokea saa tisa kasoro alasiri kwa setilaiti ya nyuzi 7, na karibu na saa sita na nusu mchana kwa ile ya nyuzi 36, kwa dakika chache. Usiguse nati siku hizo. Picha itarudi yenyewe, na ukizigusa nati utakuwa umeharibu kilichokuwa sawa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba setilaiti hufa kweli. Tarehe 19 Oktoba 2024, Intelsat 33e iliyokuwa nyuzi 60 mashariki ilipoteza umeme na kuvunjika vipande, na wateja wa Ulaya, Afrika na Asia wakakatiwa huduma. Nalikubali hilo kabisa, na ndilo linalotupa kipimo. Setilaiti ikipotea au ikigeuka, haimchagui mtu. Hupotea kwa jirani yako, kwa duka la sokoni Kasulu na kwa hoteli ya Kibondo kwa dakika ileile, na anga ikiwa safi. Kwa hiyo kabla ya kupanda paa, piga simu kwa watu wawili wenye setilaiti hiyohiyo, mmoja wa mtaa wako na mmoja wa mji mwingine. Wote wakiwa hawapati picha, kaa chini usubiri. Mmoja akiwa anaona, kosa liko kwako, na sasa unajua pa kuanzia: nguzo kwa pima maji, waya na viungo vyake, mwinuko, mzunguko, LNB.

Wapo pia wanaoona kazi hii ni ya fundi na mwenye nyumba hana haja ya kuijua. Fundi anahitajika, hasa penye kupanda juu. Lakini mwenye nyumba anayejua nyuzi za mahali pake humwuliza fundi swali sahihi, na hulipia kazi iliyofanyika. Kazi ikiisha, andika nyuma ya king'amuzi mwinuko, mzunguko na kiwango cha ubora siku anga ilipokuwa safi. Setilaiti hushika mkao wake kwa sababu kila wakati ina kipimo cha kulinganisha na hali iliyopo. Dishi lako litashika mkao wake ukilipa kipimo hicho na ukikikagua mara mbili kwa mwaka, kabla mvua hazijaanza na baada ya kwisha.